Bango la Mzee Furey

Berea, Johannesburg,
22 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Samira,

Assalaam alaykum. U hali gani wewe, na shemeji Karimu, na watoto? Huko Ennis, Ireland, najua mnakiita kiangazi na bado mnavaa masweta. Sisi huku baridi ndiyo kwanza inatuingia mifupani. Mimi mzima. Chiku mzima, ila kikohozi cha moshi hakijamwachia. Mahmoud anapumua, anakunywa uji, na jana kagombana na muuguzi kwa sababu ya chai isiyo na sukari, basi nikajua mume wangu anarudi. Idi tumeilia wodini, pilau ndani ya kibakuli cha plastiki. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Barua hii nimeibandika juu ya boksi kwa makusudi, maana naijua pupa yako. Usilifungue boksi mbele ya Bi Nuala. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama bibi wa watu aonyeshwe bango la mumewe au asionyeshwe. Mimi na Mahmoud tumelumbana juu ya jambo hilo mpaka nikatolewa wodini. Yeye alisema bango lisije huko kabisa. Mimi nimelituma.

Kwenye simu sikukueleza kitu. Wewe unalia, mimi nalia, Chiku amekaa pembeni ananikodolea macho. Nilikwambia tu kwamba shemeji yako kapigwa, duka limechomwa, na tumehamia kwa Fahad. Fahad ni yule mtoto wa dada yake Mahmoud wa Wete, analinda jengo moja Hillbrow. Katuachia chumba chake hapa Berea, ghorofa ya nane, lifti imekufa kabla hatujazaliwa. Yeye analala koridoni na hataki tumshukuru. Sasa nimepata karatasi na nimepata utulivu, nakwambia yote.

Ugonjwa wa mabango uliuleta wewe, ukumbuke. Mwaka 2009 ndiyo kwanza umefika huko, ukatutumia nguo za Chiku akiwa mchanga, na katikati ya nguo ukatia kikadi cha mgombea kilichopenyezwa mlangoni kwako. Ukatuandikia maana yake: samahani, nimepita sijakukuta, naomba kura yako. Chini kuna jina, Con Furey, na namba ya simu ya nyumbani kwake. Ukaongeza kwamba huko hata mgeni, maadamu ni mkaazi, anachagua madiwani. Mimi nilisoma nikaendelea kukunja nguo. Mahmoud alikaa chini na kile kikadi.

Wewe unajua Mahmoud alivyotoka Pemba. Uchaguzi ndio uliomtoa, na mgongoni ana alama ya kitako cha bunduki mpaka leo. Kisha akaja kuishi Johannesburg, ambako kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa sisi ndio tuliomaliza kazi, dawa na wanawake wa watu. Sasa huyo mtu anaona karatasi inayomwomba radhi mgeni kwa kumkosa nyumbani. Akaniambia, "Bushra, mgeni anaombwa. Haombi yeye, anaombwa." Aliisema mara nyingi mpaka nikamwambia anyamaze tulale.

Tangu hapo hakupoa. Kila ulichomtumia alikipokea kwa mikono miwili: vipeperushi vipya, vipeperushi vya zamani ulivyookota kwenye madari ya watu, wagombea wa miaka ya sabini wenye masharafa mpaka kwenye taya. Kisha ukaanza kazi ya kumtunza Bi Nuala, kumbe ndiye mke wa yule yule Con Furey, naye keshakufa, na bandani kwake mabango yake yamezibia banda la kuku. Ukatutumia matatu. Wenye waume wengine wanalalamikia wanawake na pombe. Mimi nilikuwa na mwanamume anayekusanya nyuso za wazungu walioshindwa, kwa sababu walioshinda hakuwataka sana. Alisema mshindi huonekana kila mahali, lakini aliyeshindwa asipotunzwa anapotea.

Sasa nikwambie kuhusu Sidney, maana hukumjua. Sidney alikuwa jirani yetu La Rochelle, Mvenda wa Limpopo, kijana wa makamo asiye na mke. Msimu wa uchaguzi kazi yake ilikuwa kupanda ngazi na kufunga mabango kwenye nguzo za taa kwa zile tai za plastiki, vikamba vya kubana, chama chochote kitakachomwita. Uchaguzi ukiisha huyashusha, na kwa kila chama alimletea Mahmoud bango moja. Wakakaa juu ya makreti ya soda mbele ya duka, wanalinganisha. Sidney aliwacheka Waairishi wa Mahmoud. Alikuwa anasema hawa wanacheka mno, ndiyo maana wanashindwa. Kiswahili chake kilikuwa maneno ya chakula tu, na mimi aliniita Mama Chiku, wala hakuwahi kuingia dukani bila kubisha hodi.

Mwezi wa nne ndipo ulipoleta ujumbe kwamba Bi Nuala hainuki tena kitandani, na anachotaka ni kuliona bango lile ambalo mumewe anacheka. Picha zote za nyumbani kakunja uso, na yaliyobaki bandani yamechukuliwa na dhoruba pamoja na bati. Mahmoud alifurahi kama ameitwa ikulu. Katika yale matatu, moja tu ndilo lenye kicheko. Akayatoa yote, na ya wengine pia, akayaosha kwa sabuni na sifongo, akayaanika kwenye uzio mbele ya duka.

Mbele ya duka, Samira. Mwezi Mei, nguzo zote za mtaa zimejaa mabango, watu damu juu, halafu kwenye uzio wa spaza, yaani kiduka cha mgeni, kunaning'inia nyuso sita za wazungu wasiojulikana wanaoomba kura. Mtu mwenye akili nyingine angeyaanika uani. Mkusanyaji hawezi, anataka yaonekane. Watu wakawa wanasimama wanauliza huyu ni nani, chama gani hiki. Mahmoud anatoka nje na kofia yake anaeleza kwa raha zake, kwamba kule mgeni anapiga kura. Waliosikia nusu wakaondoka na nusu hiyo hiyo. Mwisho wa juma mtaani ikawa habari nyingine: wageni wana chama chao, kuna mzungu anawalipa, na pale dukani wanaandikishwa kupiga kura kwa siri.

Nilimwambia ayatoe. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikamtukania wazungu wake. Akasema Sidney anakuja Jumamosi kulifungasha bango la Mzee Furey kwa safari, basi yote yataingia ndani kwa pamoja. Ndivyo alivyo shemeji yako, ukimsukuma anakuwa mzito kama gunia la chumvi.

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa nje nakaanga magwinya, ndiyo maandazi ya watu wa hapa, hayana iliki wala hamu. Chiku alikuwa ndani anapanga mikate. Sidney alikuja na boksi bapa alilolikata mwenyewe, amepiga magoti kibarazani, amelilaza bango la Mzee Furey analipimia kona. Wakatokea watu upande wa robot, pale kwenye taa za barabarani, wanaimba. Maduka yaliyotutangulia yakateremsha mageti. La kwetu halikuwahi, bidhaa ziko nje, karai liko motoni.

Walioanza walikuwa vijana. Wakaangusha friji, wakakanyaga mikate, wakavunja kioo cha kaunta kwa nondo. Wakamvuta Mahmoud juu ya vile vioo kwa ukosi wa shati mpaka barabarani, tumbo lote likachanika. Mkononi alikuwa ameshika faili la vikadi vyake, hakuliachia. Mmoja akampiga nondo kwenye kiwiko, na mfupa ukalia, Samira, niliusikia katika zile kelele zote. Wakampiga mateke ya mbavu, ya uso. Wakawa wanamuuliza chama chako kiko wapi, toa majina ya wenzako. Chiku akatoka anawapigia kelele kwa Kizulu chake cha shule, na mama mmoja wa makamo, mtu ninayemuuzia unga, akamshika mkono akamwambia wewe umezaliwa hapa, wewe wetu, waache hao. Mwanangu akamuuma yule mama mkononi mpaka akamtoa damu. Simlaumu. Ningekuwa karibu ningemsaidia.

Sidney angeweza kuondoka. Walimwambia aondoke, Chiku alisikia. Yeye akasimama katikati yao na lile bango mikononi, akawaambia kwa Kizulu, "Eish, bafowethu, ndugu zangu, mtazameni vizuri. Huyu hagombei hapa. Huyu alishashindwa zamani, na keshakufa." Kuna waliocheka, naapa. Wengine nondo zikashuka. Nikadhani tumepona.

Alikuwepo mmoja amevaa koti la mvua la njano, wakati jua linawaka. Huyo hakucheka. Alimsogelea Mahmoud pale chini akainua panga. Sidney akajitupa, akaliweka bango juu ya kichwa cha mume wangu kama mtu anayefunika chakula. Panga likaupasua uso wa Mzee Furey kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni, likamfikia Mahmoud juu ya jicho, lakini nguvu zilikuwa zimeishia kwenye plastiki. Pigo la pili halikukuta bango. Lilimkuta Sidney shingoni, akaangukia juu ya bango.

Mimi nililishika karai kwa mikono miwili, sikutafuta hata kitambaa. Viganja vyangu mpaka leo ni vyekundu, ndiyo maana unaona mwandiko huu mbovu. Nikammwagia yule wa koti la njano mafuta yote, usoni. Ngozi ilimtoka naona kwa macho yangu. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu. Sijutii, Samira. Nikisimama mbele ya Mungu nitasema nilifanya, na nitasema sijutii. Usiniombee msamaha kwa hilo.

Wakatawanyika, lakini wa nyuma wakapata nafasi ya kumwaga petroli. Duka likashika moto mara moja. Mafaili yote waliyatupa barabarani yakaungua hapo hapo, miaka yote hiyo ya kuomba kura kwa adabu, vikaruka juu vipande vyenye moto vikaangukia mabati ya majirani. Chiku alimburuta baba yake kwa miguu mpaka ng'ambo ya barabara, akarudi akaliokota bango na boksi lake. Mimi nilibaki na Sidney. Nilikiweka kichwa chake mapajani, nikaziba shingo kwa khanga yangu, na damu inapita katikati ya vidole vyangu kana kwamba sijaziba kitu. Akaniuliza kama Mahmoud mzima. Nikasema mzima. Akasema, "Sharp," yaani sawa. Hakusema kingine. Gari la wagonjwa lilimkuta amekwisha kuwa baridi.

Polisi walikuja wakaandika. Hatujaitwa tena.

Wiki iliyofuata Chiku alienda La Rochelle na Fahad kutazama kama kuna chochote cha kuokoa. Chini ya geti lililoungua akakuta karatasi imesukumwa ndani. Imeandikwa kwa mkono: tulipita hatukuwakuta, tutarudi. Nilitaka kuitia motoni. Chiku, kwa ujinga wake au kwa akili zake, akampelekea baba yake hospitali. Mahmoud aliitazama kwa jicho moja, lile jingine bado limefungwa na hatujui kama litaona tena. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akamwambia mtoto, "Hii nayo ni ya uchaguzi. Fungua faili jipya, iwe ya kwanza." Kisha akageukia ukutani na mabega yakawa yanamtikisika. Sijawahi kumwona hivyo tangu tuoane.

Mdogo wangu, najua unachokifikiria, maana ndicho nilichokifikiria na mimi. Usingeliomba lile bango, lisingetolewa. Lisingetolewa, lisingeoshwa. Nilikulaumu, sikufichi. Nililala nakulaumu na nikaamka nakulaumu, ndiyo maana simu zako za mwanzo sikuzipokea. Baadaye likaniisha. Bango halikushika panga. Wale watu wangekuja kwa ajili ya bei ya sukari, au kwa harufu ya udi. Basi usilibebe, nimekwisha kulitua mimi.

Lililobaki ndilo la ugomvi. Mahmoud alisema bango hilo si la Bi Nuala tena, ni la Sidney, na halitoki nchi hii. Mimi nilisema mwanamke anayekufa kaomba uso wa mumewe. Tukavutana. Mwisho nikamwambia Chiku ampigie simu mama yake Sidney kule Limpopo, maana mazishi hatukuweza kwenda, Mahmoud yuko kwenye mashine na mimi viganja vimefungwa bandeji. Niliona ananilaani mimi na kizazi changu, na haki anayo. Chiku akamweleza kwa Kizulu, nami namtazama usoni. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mwanawe alikuwa anafanya nini hasa pale kibarazani walipofika. Chiku akasema alikuwa anafunga mzigo wa kwenda Ulaya, kwa bibi mgonjwa. Yule mama akasema, "Sasa mbona haujaenda? Mwanangu hakuwahi kuacha kazi katikati. Umalizieni."

Nilimpelekea Mahmoud maneno hayo kama yalivyo. Hakubishana tena.

Basi sikia utakachokikuta. Boksi ni lile lile alilolikata Sidney, kona zake zinakaa sawasawa, sikubadilisha kitu. Uso nimeushona kwa shazia na uzi wa nailoni, kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni. Nimeshona kwa viganja hivi, kwa hiyo mishono mingine imekwenda upande. Bango nimeliosha mara nyingi. Lakini ile plastiki, wewe unaijua, ndani ina vijibomba vyembamba vimelala sambamba, na damu iliingia humo ilipokatika. Nilipuliza maji kwa bomba la sindano, haikutoka. Ukiliinua dirishani utaona mistari ya kahawia inapita nyuma ya shavu lake. Hiyo ni ya Sidney. Usijaribu kuitoa.

Mahmoud anasema nikuulize kama mlipopiga kura mwezi huu ulimwekea vipeperushi, au ulivitupa kama kawaida yako. Anasema hata kama ni vya washindi, tuma.

Nisalimie sana Karimu, mwambie ile dua aliyotusomea kwenye simu tumeisikia. Wabusu watoto wote kwa jina langu. Ukiongea na mama mdogo Tanga mwambie tunaendelea vizuri, habari za panga usimwambie, moyo wake haufai. Fahad anakusalimu, na Chiku anasema utume soksi nzito. Mungu awalindie mlango wenu, na kila atakayebisha hapo awe mtu wa heri.

Nilisema uamue mwenyewe, lakini mimi dada yako siwezi kukaa kimya. Mwonyeshe. Kwanza mweke vizuri kwenye mito, kisha mwonyeshe, na akiuliza uso wa mumewe umefanywa nini, usimdanganye. Mwambie mzee wake amegombea safari moja zaidi, Johannesburg, na kijana mmoja anayeitwa Sidney ndiye aliyembeba. Wamemkata usoni. Kucheka hakuacha.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa mikono hii hii iliyoungua,

Bushra